Paa la Lami Kuukuu

Moshi wa lami mpya hupanda. Ule wa lami kuukuu, iliyong'olewa barabarani ikapondwa na kupikwa upya, ulikuwa haupandi. Ulitoka kwenye pipa, ukasimama kidogo kama mgeni anayetafuta njia, kisha ukateremka. Pale tulipopiga kambi, mashariki ya Dodoma, mbele kidogo ya Ihumwa, ardhi inainama kuelekea korongo kavu, na moshi wetu ulifuata mwinamo huo kila asubuhi kabla upepo haujaanza. Ukifika bondeni, unalala. Kulikuwa na nyumba tisa kule chini. Mimi nilikuwa nimepanga katika mojawapo.

Tangu wakati huo sijakaa mahali popote miaka mitatu mfululizo. Nimeuza nguo Singida, nimekata tiketi za mabasi, nimelinda ghala la karanga. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi nawatajia Mpwapwa, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na kusoma. Lakini nyumba inayonijia ninapokumbuka nyumbani ni ile ya bondeni, na inanijia pamoja na harufu yake, mpaka nalazimika kuinuka nikafungue dirisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, mitumba imemwagika mpaka kwenye minada ya ng'ombe, na matengenezo ya barabara, ambayo nilipokuwa mdogo yalifanywa na watu wa serikali tu, yalianza kupewa kampuni za watu binafsi. Kampuni moja ndogo ilipata kipande chetu. Lami mpya ilikuwa ghali, kwa hiyo ile ya zamani ilichimbwa kwa sururu, ikapondwa, ikatiwa kwenye mapipa yaliyokatwa, ikachanganywa na oili chafu ya magari ili ilainike, ikapikwa kwa kuni na matairi mabovu. Kisha tuliibeba kwenda kuzibia mashimo ya barabara ile ile ilikotoka. Kazi yangu ilikuwa kulisha mapipa. Kufikia saa nne asubuhi mate yangu yalikuwa meusi. Tulifunga vitambaa puani, na jioni kila kitambaa kilikuwa na madoa mawili ya mviringo, kama macho.

Nyapara wetu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na utani usiokwisha. Aliniita Msomi kwa sababu ya cheti changu cha kidato cha nne, cheti ambacho hakikuwa kimenifikisha kokote.

"Msomi, ongeza moto. Hiyo lami haisomi, inaiva."

"Mzee, kichwa kinaniuma."

"Kichwa cha msomi lazima kiume. Sisi wengine tumebeba mafuvu tu."

Kwenye nyumba ile nilipelekwa na mama aliyekuwa akituuzia ugali na mlenda pale kambini. Aliishi bondeni na mama yake mzazi, na walikuwa na chumba. Nilimwamkia bibi yule shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniambia, "Mbukwa," akanitazama aone kama najua kujibu salamu ya Kigogo. Nilijua. Kuanzia hapo nikawa mjukuu wake.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe la kizamani, fupi, unaingia umeinama. Paa lake lilikuwa bapa: magogo, juu yake fito, juu ya fito nyasi, juu kabisa udongo. Mbuzi walikuwa na chumba chao ndani humo humo. Katikati kulikuwa na meko, na juu ya meko, kwenye fito za dari, Bibi alitundika masuke ya mtama wa mbegu ili moshi wa kuni uyalinde na wadudu. Mbegu ile aliipata kwa mama yake siku alipoolewa, na tangu hapo hajawahi kupanda nyingine.

Na kulikuwa na mchwa. Ukikaa kimya saa za mchana, jua likiwa kali, uliwasikia wakitafuna magogo ya paa, sauti nyembamba kama mtu anayekwaruza ngozi kavu mahali fulani mbali. Siku ya kwanza niliuliza ni nini.

"Hao ni wapangaji wangu wa zamani," Bibi alisema. "Wewe ni wa juzi. Kwa hiyo usilalamike."

Mvua ziliponikuta pale nilielewa maisha yake. Paa lilivuja. Likivuja kulia, tulikisogeza kitanda chake kushoto. Likivuja kushoto, tukakirudisha katikati karibu na meko. Kila mwaka walipandisha udongo mpya, na kila mwaka mvua iliuteremsha ndani. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na hajawahi kulala mvua nzima mahali pamoja.

Wazo la kupaka lami lilikuwa langu. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Niliona lami inavyozuia maji barabarani, nikaona rundo letu la lami kuukuu limekaa tu, nikamwomba nyapara.

"Chukua," alisema. "Hata barabara yenyewe imeichoka."

Jumapili moja mwezi wa tatu, wao wakiwa kanisani, niliyeyusha vipande kwenye karai pamoja na oili, nikapanda juu ya paa na beleshi, nikapaka. Waliporudi, Bibi alisimama uani na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akaliangalia paa muda mrefu. Nilidhani atachukia weusi ule.

"Nyeusi ni heri," alisema. "Wazee wetu wakiomba mvua walitafuta ng'ombe mweusi, wakavaa nyeusi. Hakuna aliyeomba mvua na nguo nyeupe."

Siku chache baadaye mvua ilinyesha alasiri nzima. Bibi aliketi kitandani akitazama dari, mikono mapajani, akingoja tone la kwanza ajue asogee upande gani. Tone halikuja. Mvua ilipokoma alicheka mpaka akajifuta machozi. "Maisha yangu yote nimekimbizana na kitanda," alisema, akakipiga kofi kidogo kama mtu anayempiga punda wake aliyetulia.

Habari zilizunguka bonde lote siku ile ile. Kabla mvua hazijaisha, nyumba nane kati ya tisa zilikuwa na mapaa meusi. Ya tisa ilikuwa ya mzee mmoja mjane, jirani wa Bibi, ambaye walikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya mbuzi aliyekula mboga. Bibi alimpigia kelele kutoka uani kwake.

"Wewe endelea kulala na ndoo zako."

"Ndoo hainuki," mzee alijibu bila kutoka ndani.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa sauti. Mvua ziliisha, watu wakavuna, jua likawa kali, na adhuhuri moja nikiwa nimejilaza niligundua kuwa sisikii kitu. Nilikaa. Nikaweka sikio kwenye nguzo. Mchwa walikuwa wamenyamaza wote. Nilipomwambia Bibi, alisema alikwisha ona, siku nyingi.

"Wamehama bila kuaga," alisema. Lakini hakucheka.

Kisha mijusi ya ukutani ilianza kuanguka. Tuliikuta asubuhi sakafuni, matumbo juu, mikavu na myepesi kama maganda. Mchana paa lililainika. Kuku walipita juu yake wakaacha nyayo, nami nilipanda kuziangalia: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, zimedidimia vizuri. Kesho yake hazikuwepo. Lami ilikuwa imezifunga, juu pamekuwa laini kama hapajawahi kukanyagwa. Nilibonyeza kidole changu, nikakitoa, nikakaa pale kuangalia shimo linavyojaa polepole kutoka chini. Sikuwahi kupanda tena kwa starehe.

Ndani, juu ya meko, lami ilipenya kwenye nyasi na fito ikaanza kuteremka. Haikudondoka. Ilining'inia katika nyuzi nyembamba nyeusi, ndefu kama kidole, nyingine kama mkono, na nyuzi hizo zilitikisika mtu akiongea chini yake. Bibi alizipisha kichwa bila kufikiri, kama anavyopisha mtu tawi alilolizoea. Mara moja moja uzi mmoja ulimgusa, na kulikuwa na madoa meusi katika nywele zake nyeupe ambayo sabuni haikuyatoa.

Mbuzi walikuwa wa mwisho. Jioni moja walirudi kutoka malishoni, wakafika mlangoni, wakasimama. Tuliwasukuma, tukawavuta kwa pembe. Walisimama wamekaza miguu, pua zimetanuka, wakitazama giza la ndani. Kuanzia siku hiyo walilala nje kwenye boma la miiba.

Na moshi wa mapipa uliendelea kuteremka. Siku moja upepo ulikataa kabisa, na kufikia saa nane mchana bonde lilikuwa jeusi kiasi kwamba kuku walipanda kulala. Nilikuwa juu kambini, nikatazama chini, sikuona nyumba hata moja. Nilisikia tu mtu akikohoa ndani ya moshi. Nilimjua kwa kikohozi.

Bibi alikuwa ameanza kukohoa mwezi wa sita. Kikohozi kikavu, kifupi, kisicholeta kitu. Binti yake alimpa asali, akampa majani, akampeleka zahanati wakampa vidonge. Mimi nilikuwa na kikohozi hicho hicho, na nilijua nimekipata wapi. Nilijitahidi kutosema kwa wiki mbili tatu. Halafu nikasema.

"Bibi, ni paa. Ngoja nilitoe."

"Nimekula moshi wa meko tangu nizaliwe. Leo moshi uniue?"

"Huu si moshi wa kuni. Mchana jua linapika lami kwa juu, na wewe unaipika kwa chini."

"Mjukuu wangu," alisema, "wewe umelala pakavu maisha yako yote, ndiyo maana unaona si kitu."

Binti yake alimdanganya kuwa mdogo wake wa Kibakwe anaumwa, akampandisha basi. Alikaa huko kwenye milima mwezi mzima. Alirudi amenenepa kidogo, hakohoi, na ametukasirikia kwa uongo. Siku ya tatu ndani ya nyumba yake kikohozi kilirudi.

"Umeona?" binti yake alisema.

"Nimeona nini? Kibakwe kuna baridi, kila mtu anapona. Mnataka nihamie kwa watu?" Alivuta pumzi, ikakwama katikati, akangoja ipite. "Nitakufa lini mimi sijui. Lakini nitafia kitandani kwangu, pakavu. Mtu asiguse paa langu."

Nilimweleza nyapara, nikitumaini atasema neno la kitaalamu ninaloweza kumpelekea. Alikuna kidevu. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu siku zote.

"Msomi, lami ni ya kukanyagwa. Wewe umeiweka kichwani kwa mtu, halafu unaniuliza mimi?"

Mwezi wa kumi na moja, watu walipoanza kutazama mawingu, Bibi aliteremsha masuke ya mbegu. Aliyapukuchua uani. Mtama ule ulikuwa mwekundu kila mwaka, lakini safari hii ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na punje zilishikana vidoleni. Alinusa kiganja chake. Alichukua punje konzi moja, akazifunga katika kitambaa kilicholowa, akakiweka kwenye kibuyu, kama anavyofanya kila mwaka kuijaribu mbegu kabla ya kuipanda.

Siku ya tatu alikifungua. Kwa kawaida mikia myeupe huwa imetoka yote. Hakukuwa na hata mmoja. Alikifunga tena, akakimwagia maji. Siku ya tano punje zilikuwa vile vile, zimelowa, zinanuka kama barabara yetu.

Aliwaita wanawake wa nyumba nyingine saba. Kila mmoja alikuwa ametundika mbegu yake juu ya meko, kama ilivyo desturi, chini ya paa jeusi. Kila mmoja alifunga konzi moja. Baada ya siku tano walikuja kwa Bibi, wakafungua vitambaa vyao kwenye ungo mmoja, wakakaa kuuzunguka. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyelia wala kulaani. Mmoja alizigeuza punje kwa kidole, kitambaa kimoja baada ya kingine, akitafuta hata moja, na wengine waliufuata ule mkono wake kwa macho. Katika mbegu zote zile zilizokaa majini siku tano hapakuwa na uhai wowote.

Wanawake walipoondoka, Bibi aliniita.

"Toa paa."

"Sawa, Bibi."

"Kifua kilikuwa changu. Ningeweza kukiharibu nipendavyo. Mbegu haikuwa yangu."

Tulilitoa siku hiyo hiyo, mimi na binti yake, kwa sururu na panga, fito na nyasi zote, kwa kuwa lami ilikuwa imeshika kila kitu. Jua liliingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza, na kuta zilikuwa nyeusi mpaka chini. Nyumba nyingine zikafanya vivyo hivyo. Ilibaki shida ya mahali pa kuitupa. Korongoni maji yangeibeba mpaka visimani. Kuichoma hakuna aliyetaka. Nyapara aliposikia akateremka na trekta mwenyewe, amefurahi, kwa sababu rundo lake lilikuwa linakaribia kwisha na barabara ilikuwa bado ina mashimo.

Kesho yake asubuhi alinikabidhi beleshi. Niliitambua lami ya Bibi kwa nyasi zilizoganda ndani yake. Kipande kimoja kilikuwa na alama za miguu ya kuku, za siku ya mwisho, ambazo hazikuwahi kujifunga. Nilivitia vyote kwenye pipa. Moshi ulitoka, ukasimama kidogo, ukashuka kuelekea bondeni, kwenye nyumba nane ambazo sasa hazikuwa na mapaa ya kuuzuia usiingie. Nikaweka beleshi chini.

"Msomi, unakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kuna moshi."

"Ndiyo, mzee."

Hakucheka. Sikurudi kazini tena, na yeye hakumtuma mtu kuniita.

Mbegu ilibaki kwa mtu mmoja tu. Bibi alijifunga khanga, akachukua kibuyu, akaniambia nimfuate. Kutoka mlango wake mpaka wa yule mzee mjane si mbali, lakini alipumzika mara mbili njiani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatengeneza mpini.

"Nimekuja kuomba," Bibi alisema.

"Ndoo?"

"Mbegu."

Mzee aliweka mpini chini. Bila shaka alikuwa amesikia, bonde lote lilikuwa limesikia. Aliingia ndani, tukamsikia akiteremsha masuke, akatoka nayo mkononi, mekundu, makavu, yananuka moshi wa kuni na si kingine. Akasema atawapa wote kwa zamu, kila nyumba kibuyu kimoja, isizidi, na yeye abaki na chake.

"Ulijuaje?" Bibi alimwuliza. "Ulijuaje kwamba ile lami ni mbaya?"

"Sikujua kitu," mzee alisema. "Mgongo ulikuwa unauma, nikashindwa kupanda juu."

Bibi aliishi misimu miwili baada ya hapo. Habari za msiba zilinikuta Singida, zimechelewa, kwa mdomo wa dereva. Lakini msimu ule wa kwanza nilikaa mpaka mvua. Tuliezeka udongo kama zamani, na paa likavuja kama zamani, na kitanda kikaanza tena safari zake. Mchwa hawakurudi, hata mwaka huo ulipokwisha.

Tulipanda siku ya pili baada ya mvua ya kwanza. Mimi nilitangulia na jembe nikifukua vishimo, yeye akafuata na kibuyu, akitupia punje nne tano, anafukia kwa mguu. Ukiwa mbele huwezi kumwona aliye nyuma. Nilimsikia kwa kikohozi: shimo, kikohozi, shimo, kikohozi. Nilipokisikia mbali nilipunguza mwendo, na mara mbili nilisimama kabisa, na mara zote mbili alinigombeza kwamba mvua haingoji wavivu.

Mstari wa nane sikusikia kitu. Nilifukua kishimo, nikafukua kingine. Shamba lote lilikuwa kimya. Nilibaki nimeinama, mikono kwenye mpini, nikishindwa kugeuka, nikiwaza nitamwambia nini binti yake. Kisha nikageuka.

Alikuwa nyuma sana, karibu mwanzo wa mstari, amepiga magoti kwenye tope. Mabega yalikuwa yanaruka juu na chini, na alikuwa ameikunja khanga yake na kujijazia mdomoni, mkono mmoja ukiibana hapo, ili nisisikie nikasimama. Mkono mwingine ulikuwa unafukia.